Mnadi Aliyekatwa Ulimi

Siku walipokutana, uwanja wa mnada ulikuwa umejaa hadi watu wakakanyagana visigino. Hoteli moja kubwa ilikuwa imefunga milango yake, na mali yake yote ilikuwa imemwagwa juani: vitanda vilivyokunjwa, feni zisizo na mapanga, vioo vilivyoakisi mawingu, na marobota ya kitambaa kizito ambayo ndiyo yaliyomtoa fundi wa mapazia dukani kwake mapema kuliko kawaida yake. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho ya kupima, aliyeweza kulitazama dirisha mara moja tu akajua upana wake. Asubuhi ile alivaa gauni refu la kijani kibichi na ushungi mweupe wa hariri, mwepesi, wenye tabia mbaya ya kuteleza.

Juu ya jukwaa la mbao alisimama mnadi, kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikawa kama makali ya wembe. Hakutumia kipaza sauti, wala hakukihitaji. Watu walimwita Baragumu, na jina lile lilikuwa limemganda hadi jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwa dada yake peke yake. Alipotaja bei, kila mtu uwanjani alidhani anasemezwa yeye.

"Haya waungwana, kiti cha kinyozi! Kinapanda, kinashuka, kinazunguka kama dunia! Ukikikalia tu, hata usiponyolewa, unaondoka umependeza! Nani anaongeza?"

Upepo ukavuma, ushungi ukateleza, fundi akainua mkono kuuwahi.

"Dada wa kijani ameongeza! Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kimekwenda!" Nyundo ikagonga meza.

Fundi akageuka nyuma kumtafuta huyo dada wa kijani. Hakumwona.

"Kimekwenda wapi?" akauliza.

"Kimekwenda kwako, dada yangu. Hongera!"

"Mimi nimeshika ushungi wangu tu!"

"Na mimi nimeshika nyundo yangu tu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Fundi akavimba kwa hasira, akasubiri hadi mnada ulipokwisha, kisha akamwendea mnadi huku amekunja mikono kifuani.

"Haya niambie, kiti cha kinyozi nitakifanyia nini? Mimi nashona mapazia."

"Mteja akikusumbua, mkalishe humo umnyoe."

Alikuwa amejiandaa kugomba, lakini kicheko kikamponyoka. Naye Baragumu, alipokiona kile kicheko, akaacha mzaha. Akakunja mikono ya shati, akakibeba kile kiti mgongoni mwake hadi dukani kwa fundi, mitaa mizima, watu wakimtania njiani, yeye akiwajibu mmoja mmoja bila kupungukiwa na neno.

Tangu siku hiyo kiti kikawa cha Baragumu. Kila alipotoka kazini alipita dukani, akakikalia, akazunguka nacho taratibu kati ya mapazia yaliyotundikwa, huku akimsimulia fundi visa vya uwanjani na kuziigiza sauti za wanunuzi: mnunuzi bahili, mnunuzi mwenye mke mkali, mnunuzi asiyejua anachokitaka. Fundi alishona huku akicheka, na mara nyingine ilimbidi afumue mshono uliopinda kwa sababu ya kicheko. Baada ya sala ya isha simu yake ilikuwa lazima ilie.

"Habari ya saa hizi, Fundi wangu?"

"Njema, Bwana Mnadi. Leo umeuza nini?"

"Nimeuza kila kitu isipokuwa moyo. Huo ulikwisha kwenda zamani, tena sikuwahi hata kugonga nyundo."

"Aliyeuchukua akiurudisha je?"

"Mali ikishauzwa hairudishwi, laazizi. Hiyo ni sheria ya uwanja."

"Sheria umeitunga wewe."

"Nimeitunga mimi, na wewe umeshikwa nayo. Haya, nichekee kidogo nilale."

Maneno hayakuwa kipaji cha fundi. Alikuwa mtu wa jibu fupi, mtu wa kutikisa kichwa. Alipenda kusikiliza, na sauti ile ilimwingia kama maji ya uvuguvugu yanavyoingia katika mikono iliyochoka. Wajumbe wa posa walipofika nyumbani kwao, baba yake, fundi wa saa aliyezungumza kwa kipimo kama alivyofanya kazi yake, aliuliza swali moja tu kuhusu sala na jingine kuhusu ulevi. Alipojibiwa yote mawili vyema, akakubali.

Kisha simu zikaanza kufupika.

Kwanza fundi alidhani ni uchovu. Maneno ya Baragumu yalikuwa yakimtoka mazito, yameshikana, kama mtu anayezungumza huku amefumbata kitu mdomoni. Herufi zilizokuwa zikilia kama sarafu juu ya kaunta zikawa zinajiburuta. Alipokuja dukani hakukizungusha kiti tena. Alikaa, akamung'unya karafuu, akafuta pembe ya mdomo kwa leso, na fundi alipomsogelea kumpa maji, akaisikia pumzi yake: karafuu kali, na chini ya karafuu harufu nyingine mbaya, iliyofichwa.

Siku moja alikwenda uwanjani bila kumwarifu. Alimwona juu ya jukwaa akianza bei, akikwama, akirudia, akifuta mate. Mzee mmoja aliyesimama kando yake akanong'ona, "Masikini, kijana keshaingia kwenye chupa." Neno lile lilimchoma fundi mahali ambapo tayari palikuwa na jeraha la simu zilizofupika. Mnada ulipokwisha, akamfuata nyuma ya jukwaa.

"Nitazame. Unakunywa?"

Baragumu alimtazama. Midomo yake ilifunguka, ikajifunga. Palikuwa na jambo nyuma ya macho yale, na laiti fundi angengoja kidogo, huenda lingetoka. Lakini mtu aliyeumizwa hana subira.

"Jibu basi! Siku zote una maneno ya kuwagawia watu, leo yangu yamekwisha?"

"Ukiona... hivyo," akasema polepole, kila neno akilisukuma, "basi ni hivyo."

"Nyumba ya baba yangu haiingii mlevi."

Akaondoka. Baba yake alipoyasikia, alitoa kioo cha kukuzia jichoni, akakiweka juu ya meza, akasema posa imevunjika. Fundi alipiga simu mara moja tu baada ya hapo, moyo ulipomshinda nguvu. Iliita hadi ikakata. Akasema moyoni, hata kunipokea hataki, na akakifunika kile kiti kwa pazia la zamani ili asikione.

Aliyekuja kulifunua lile pazia alikuwa dada yake Baragumu, mpishi wa shule, mwanamke mnene mwenye mikono mikubwa, ambaye ndiye aliyemlea mdogo wake baada ya wazazi wao kufariki. Aliingia dukani adhuhuri bila kubisha hodi, akalivuta pazia, akakaa.

"Shikamoo, dada," fundi akasema kwa baridi.

"Marahaba, wifi."

"Usiniite wifi. Hayo yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani? Ndugu yangu hajaonja pombe tangu azaliwe. Na sasa hata maji anayanywa kwa machozi." Akavuta pumzi. "Ana saratani, mama. Saratani ya ulimi."

Mkasi ulikuwa mkononi mwa fundi. Akauweka chini taratibu, kana kwamba ungeweza kuvunjika.

"Kilianza kidonda kidogo pembeni," dada akaendelea. "Akadhani jino linamkwaruza. Akamung'unya karafuu. Akaenda kwa watu wa dawa za kuchua, akaenda kwa wa dawa za kusukutua, akaenda kila mahali isipokuwa hospitali, kwa sababu hospitali wangemwambia apumzishe mdomo, naye mdomo ndio jembe lake. Alipokwenda, kidonda kilikuwa kimekwisha piga mizizi. Sasa daktari anataka kumkata ulimi."

"Kumkata... wote?"

"Karibu wote. Naye amekataa. Anasema atarudi kwa Mola wake na sauti yake."

"Kwa nini hakuniambia? Nilimuuliza mbele ya uso wake!"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu, afadhali Fundi anichukie kwa ulevi kuliko anihurumie kwa ububu." Dada akafuta uso kwa upande wa kanga. "Mimi nimemwomba, nimemgombeza, nimemlilia. Hanisikii. Nimebakiwa na wewe tu."

Fundi hakufunga hata mlango wa duka. Alimkuta Baragumu katika ua wa nyumba ya dada yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, taulo begani, amekonda hadi lile shati jeupe limekuwa kama limetundikwa kwenye msumari. Alipomwona, alitaka kusimama. Fundi akamzuia kwa kiganja.

"Kaa. Leo nazungumza mimi. Uliniacha nikudhulumu! Uliniacha nikusingizie mbele ya baba yangu, nawe ukanitazama kama gogo! Nani alikupa haki ya kunichagulia?"

"Fundi..."

"Nyamaza! Hapana, usinyamaze. Sema. Kwa nini umekataa hospitali?"

Alijibu kwa taabu, akisita kumeza mate, na kila alipomeza uso wake ulijikunja. "Mimi ni... ulimi. Wakiutoa... watabakisha nini?"

"Watabakisha mtu aliyenibebea kiti mgongoni. Mimi sikuposwa na ulimi. Ulimi haukuja kwa miguu yake nyumbani kwa baba."

Pembe ya mdomo wake ikatikisika, kicheko kikajaribu kupita mahali penye maumivu kikashindwa, kikageuka machozi. Fundi akapiga magoti mbele yake, juu ya saruji, akaishika leso, akamfuta yeye mwenyewe. Ndipo Baragumu akamweleza lililokuwa chini ya yote: alikuwa amejiwekea tamaa moja, kwamba siku ya ndoa, mbele ya mashahidi, atasema *nimekubali* kwa sauti ambayo itasikika hadi barabarani. Daktari alimwambia hakuna muda wa kungoja harusi. Basi akaona, kama hana neno lile, hana la kumpa.

"Nipeleke kwa huyo daktari," fundi akasema.

Daktari wa upasuaji alikuwa mama wa makamo, nywele zimeanza mvi, asiyependa kuzungushazungusha maneno. Aliwakalisha watatu, mgonjwa, dada na fundi, akachora mdomo kwenye karatasi.

"Nitawaambia yote. Sitaki aamke akute nilimficha jambo. Tutatoa sehemu kubwa ya ulimi, ibaki kidogo kwenye shina. Tutatoa na tezi za shingo upande huu. Kisha tutachukua kipande cha ngozi na nyama kutoka mkono wake wa kushoto, pamoja na mshipa wake wa damu, tukishone mahali pa ulimi."

"Kitazungumza?" dada akauliza.

"Hapana. Hakitaonja, wala hakitajisogeza chenyewe. Kazi yake ni kujaza nafasi, kimsaidie kumeza, na sauti ipate mahali pa kugusa."

"Kikikataa kushika?" akauliza fundi.

"Siku za mwanzo ndizo ninazoziogopa. Damu ikiganda kwenye mshipa, kipande kinakufa, na itabidi turudi kufungua. Anaweza kuvuja damu. Anaweza kupata usaha. Mate yanaweza kupenya mshono yakatokea shingoni. Mdomo utavimba, kwa hiyo tutamtoboa tundu la kupumulia hapa chini ya koo, na muda wote tundu hilo litakapokuwa wazi hata sauti haitatoka. Chakula kitapita kwenye mpira wa puani, baadaye huenda ukawekwa wa tumboni. Na atakapoanza kujifunza kumeza, hatari kubwa ni chakula kupotea njia, kikaingia mapafuni."

Baragumu akainua kidole. "Na... nikikataa?"

"Ukikataa, ugonjwa utaukata ulimi huo wenyewe, na hautaishia hapo."

Feni ya darini ilizunguka ikilia kwa kila mzunguko.

"Atasema tena?" fundi akauliza kwa sauti ndogo.

"Wengi hujifunza maneno ambayo watu wa nyumbani huyaelewa. Mtu wa mbali kwenye simu hatayaelewa." Daktari akamgeukia Baragumu. "Mnadi hutakuwa tena. Hilo sitakudanganya. Na hata tukifanikiwa, ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Ninachokupa ni nafasi tu. Dhamana sina."

Kwenye korido, kati ya watu waliokuwa wakisubiri kuitwa, fundi alimshika mkono wa kushoto, ule ambao ungekatwa kipande, akaufumbata kwa vidole vyake.

"Tuoane kabla."

Akatikisa kichwa. "Nikifa... mezani... utakuwa mjane... kabla hujawa... bibi harusi."

"Na nikibaki mchumba, muuguzi atanizuia mlangoni aseme mimi si mtu wako. Unataka kulala mle peke yako?"

Baragumu akakaza vidole vyake juu ya vya fundi. Fundi akalichukua jibu lile kuwa ndiyo, akaenda kwa baba yake.

"Baba, tumemdhulumu mtu," alianza, na kabla hajamaliza kueleza, mzee alikuwa amekwisha vaa viatu. Alikwenda kwa miguu yake hadi ua ule, akamshika Baragumu mikono miwili, akasema, "Mwanangu, nisamehe. Nimepima saa za watu maisha yangu yote, nikashindwa kukupa wewe dakika moja ya kukuuliza." Baba mdogo wa fundi, mwalimu wa msikitini, akaitwa. Naye alipoelezwa hofu ya kijana kuhusu tamko lake, akalisogeza jamvi, akakaa karibu naye.

"Sikiliza, mwanangu. Asiyeweza kusema, ishara yake ikifahamika ndiyo kauli yake, na maandishi yake ni kauli. Sheria haikumfungia mlango. Tikisa kichwa tu, nami nitashuhudia mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba umekubali."

Baragumu akatikisa kichwa, lakini kwa kukataa. Alitaka kusema.

Ndoa ilifungwa sebuleni kwa dada, alasiri, watu wakiwa wachache wa kuenea kwenye mkeka mmoja. Bwana harusi alivaa kanzu iliyokuwa ikimfaa alipokuwa na mwili. Bibi harusi alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia alilolishona mwenyewe, na kupitia kitambaa kile aliisikia sauti ya baba yake ikiyasema maneno ya kumwoza. Kisha akasikia kimya. Akasikia mumewe akianza, akikohoa, akianza tena. Mara ya pili neno lilikatika katikati. Akasikia baba mdogo akisema kwa upole, "Yatosha, mwanangu, tumekufahamu," na akasikia kiganja kikipiga mkeka kumkatalia. Mara ya tatu neno likatoka zima. Lilitoka nene, limechafuka, limelowa, halikufika barabarani wala hata mlangoni. Lakini lilifika nyuma ya pazia. Fundi aliinamisha uso katika viganja vyake na hakuuinua hadi wanawake walipokuja kumpa mkono.

Upasuaji ulichukua mchana wote. Dada alizungusha tasbihi bila kusimama, naye fundi akakaa akitazama mapazia ya wodi, akiona jinsi pindo lake lilivyoshonwa haraka haraka, likipanda na kushuka. Alipoitwa, hakumtambua. Uso ulikuwa umevimba hadi macho yamekuwa mistari, shingo imepigwa mshono kutoka sikio hadi kidevu, mpira puani, mirija ya kuchuruzisha damu ubavuni, na chini ya koo lile tundu, likivuta na kutoa pumzi kwa mlio wa maji. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji nzito. Wauguzi walikuja kila mara kumulika kurunzi mdomoni, wakitazama rangi ya kile kipande.

Asubuhi iliyofuata muuguzi alimulika, akasita, akamulika tena, akaondoka kwa hatua za haraka. Fundi aliinama akachungulia. Alikuwa amefanya kazi na rangi maisha yake yote. Kile kilichokuwa cha waridi jana kilikuwa kikielekea zambarau.

Wakamrudisha chumba cha upasuaji, kitanda kikisukumwa mbio. Alipopitishwa mlangoni, mkono wake wa kulia uliinuka kutafuta kitu hewani, na fundi akaukimbilia, akaugusa ncha za vidole tu kabla milango haijafungwa. Alisujudu palepale kwenye kona ya korido, juu ya sakafu iliyonukia dawa, na hakuomba ulimi wala sauti. Aliomba mtu.

Walikuta damu imeganda kwenye mshipa, wakaifungua. Kipande kikapona. Baada ya hapo yakaja yale mengine ambayo daktari aliyataja, moja baada ya jingine, kana kwamba yalikuwa yakisubiri zamu: homa, kisha mate yaliyopenya mshono yakalowesha bandeji ya shingoni, kisha siku za kungoja tundu dogo la mate lijifunge. Walipoondoa mrija wa tundu la kupumulia, Baragumu akafungua mdomo, akatoa sauti. Ilikuwa sauti tupu, haina pembe wala ukingo, kama mtu anayeita kutoka ndani ya kisima. Aliisikia mwenyewe. Akafunga mdomo, akageukia ukuta, na kwa muda mrefu hakuutumia tena isipokuwa kwa pumzi.

Daktari aliwaita ofisini kabla ya kuwaruhusu. Tezi mbili kati ya zile zilizotolewa zilikuwa na ugonjwa ndani yake. Angehitaji mionzi, na mionzi ingeukausha mdomo na kuichoma ngozi.

"Umebaki muda gani?" fundi aliuliza.

"Sijui," daktari akasema. "Huenda miaka mingi. Huenda sivyo. Njooni kila nitakapowaita."

Wakisubiri zamu ya mionzi, wakahamia vyumba viwili juu ya duka la mapazia. Mtaalamu wa kumeza alimfundisha Baragumu kuinamisha kidevu, kushikilia pumzi, kumeza, kukohoa, kumeza tena. Kijiko kimoja cha maji kilikuwa kazi ya kutoa jasho, na mara nyingi maji yalipotea njia, akakohoa hadi mishipa ya shingo ikasimama. Chakula chenyewe kilikuwa uji mwepesi uliochujwa, uliomiminwa kwa bomba la sindano kwenye mpira wa tumboni. Hakutaka mkewe aone. Saa ya kulishwa ilipofika aliingia chumbani, akafunga mlango, akajilisha kwa mkono wake mzima. Mate yalimtoka bila yeye kutaka, naye akajifunika leso hata mbele ya mkewe, kama mgeni. Walikuwa na ubao mdogo wa kuandikia, lakini aliutumia kwa mahitaji tu: *maji, dawa, dirisha*. Yule mtu aliyekuwa na neno kwa kila mpita njia sasa hakuwa na la mzaha hata moja.

Na fundi naye alikuwa na siri. Hakuwa amekula mbele ya mumewe tangu watoke hospitali. Aliona ni ukatili kutafuna mbele ya mtu ambaye hatatafuna tena, kusema chumvi imezidi mbele ya mtu asiyejua tena chumvi ni nini. Alipika mara chache, tena vitu visivyo na harufu. Alikula kwa haraka jikoni, amesimama nyuma ya mlango, maji yakifunguliwa bombani ili sauti ya meno isisikike. Alikonda hata dada alipomtembelea akamwuliza, "Wifi, mgonjwa ni nani humu ndani?"

Jioni moja, jua likiingia kwa mshazari katika madirisha ya barabarani, Baragumu alitoka chumbani kabla ya wakati wake. Alisikia maji yakitiririka jikoni kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuosha kikombe. Akausukuma mlango.

Fundi alikuwa amesimama kwenye kona, amegeukia ukuta, kipande cha mkate mkononi na shavu moja limejaa. Walitazamana. Uso wake ukawa uso wa mtu aliyekamatwa akiiba. Alijaribu kumeza, mkate ukamkwama, akakohoa, na alikuwa yeye sasa anayekohoa, mume akimpiga mgongoni.

"Nisamehe," alisema alipopata pumzi. "Nisamehe, sikutaka uone."

Baragumu akalifunga bomba la maji. Hasira ilikuwa imempanda usoni, hasira ya kweli, ya kwanza tangu upasuaji, na katika hasira ile fundi alimwona mara moja yule mtu wa jukwaani. Akauchukua mkate mkononi mwake. Akafungua kabati, akatoa sahani, akauweka juu yake. Akatafuta, akapata siagi na kisu, akaupaka kwa mkono mmoja kwa shida, kisu kikiteleza, asitake kusaidiwa. Akaibeba sahani hadi mezani chumba cha mbele, akamvutia mkewe kiti, akamwonyesha akae. Kisha akaenda chumbani, akarudi na bomba lake la sindano na kikombe cha uji, akaketi mkabala naye, akafungua vifungo vya shati penye mpira, mbele ya macho yake, mlango ukiwa wazi.

"Siwezi," fundi akasema. "Nitakulaje nawe unanitazama?"

Baragumu akatoa sauti. Ilikuwa ndefu, imepondeka, na fundi hakuielewa. Akairudia. Bado hakuielewa, naye akatikisa kichwa huku machozi yakimlenga. Basi mumewe akauvuta ule ubao, akaandika, akaugeuza.

*Ladha gani?*

Fundi aliusoma. Akauma mkate. Akatafuna polepole, mbele yake, sauti ya meno yake ikisikika chumba kizima.

"Mkate wa jana," akasema.

Mumewe akagonga ubao kwa kidole. *Zaidi.*

Hakuwa mtu wa maneno. Aliyatafuta kama mtu anayepapasa gizani. "Ukoko umekuwa mgumu. Lakini ndani bado laini. Siagi ina chumvi, si nyingi, inakuja mwisho. Mkate wenyewe una... utamu mdogo. Kama harufu ya nguo iliyotoka kuanikwa juani. Sijui kama nasema vizuri."

Baragumu alikuwa amefumba macho. Uji uliteremka taratibu katika bomba. Mate yakamtoka pembe ya mdomo, na safari hii hakuinua leso. Alipomsikia mkewe amenyamaza, akaufungua mkono wake juu ya meza, ule wa kushoto wenye kovu refu, akakunja vidole kumwita aendelee.

Fundi akauma tena, akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akaendelea.